Shabiki wa Kurasa Nne

Mimi ni mtu wa maoni. Ukinitajia mwimbaji, nina la kusema. Ukinitajia mcheza sinema aliyemwacha mume wa tatu, nina la kusema juu yake, juu ya mume, na juu ya gauni alilovaa siku ya kuachana. Na ukigusa mashujaa wa vitabu vya katuni, wale wanaoruka juu ya maghorofa wamevaa nguo za kubana, basi uwe huna haraka ya kwenda popote. Kiwandani walikuwa wananiita Profesa. Mimi nilidhani ni sifa.

Kiwanda chenyewe ni cha uchapaji, na mimi niko chumba cha kufunga vitabu. Shule niliishia darasa la saba, lakini kwa miaka kumi na mmoja karatasi zilizopita mikononi mwangu zingetosha kuezeka mji. Kazi yetu inafanywa kwa kusimama, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Magoti yangu yameshaanza kulalamika kwa sauti. Nikipanda ngazi za nyumbani, baba watoto anajua nimefika kabla sijagusa mlango.

Katika chumba kizima kuna kiti kimoja tu. Ni cha mbao, kina mto uliochanika kona moja, kiko karibu na dirisha, na anakikalia mkaguzi. Mkaguzi ndiye anayetazama kila kitabu kabla hakijaenda kukatwa kingo, kuona kama karatasi zimepangwa sawa. Mama mkaguzi wetu alipotangaza kwamba mwisho wa mwezi anastaafu, wengine walimpa pole na wengine hongera. Mimi nilikitazama kiti. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote, na baba watoto anajua, nilimwambia mwenyewe. Akasema sawa, ila nikishakuwa mkaguzi nisije nikaanza kumgeuzageuza yeye kutafuta kasoro.

Sasa nieleze kitabu cha katuni kinavyofungwa, maana aibu yangu imejificha humo. Kitabu chetu kina kurasa kumi na sita, yaani karatasi kubwa nne, zinakunjwa na kuvalishana, moja ndani ya nyingine. Kila karatasi ina meza yake. Meza yangu ni ya karatasi ya ndani kabisa, yenye ukurasa wa saba hadi wa kumi. Mimi nakunja, jirani anaivalisha ya kwake kwa nje, na anayefuata hivyo hivyo, mpaka inafika kwa Mama Pini, anayegonga pini mbili mgongoni. Vikishakatwa vinatoka kwa mlango wa nyuma moja kwa moja hadi kwenye gari. Kuchukua nakala ni marufuku, na getini tunapekuliwa mifuko. Kununua dukani? Mtu mwenye mshahara kama wangu akanunue kimoja? Hapana, nina akili zangu.

Kwa hiyo Bwana Tetemeko nilimjua kwa kurasa nne za kila mwezi, kwa miaka sita.

Bwana Tetemeko ni shujaa mwenye buti za chuma. Akikanyaga chini, mitaa mitatu inatikisika. Na kila mwezi, kwenye meza yangu, anapigwa. Mwezi huu ametupwa kisimani, mwezi ujao amefungwa nyaya juu ya mnara, mwingine kazikwa kwenye saruji hadi kidevuni, na ukurasa wa kumi unaisha adui anacheka meno yote nje. Mwezi unaofuata namwona tena, buti zimepigwa rangi, anakwenda kupigwa na mwingine. Nilimpenda mno. Nilisema mbele ya yeyote mwenye masikio kwamba mashujaa wengine wote ni wababaishaji. Yule Malkia Umeme, kwa mfano, anayepigana akiwa amevaa viatu vya visigino virefu. Aliyemchora hajasimama hata siku moja kwenye meza ya kukunja. Lakini Bwana Tetemeko ni mtu kazi. Anashindwa kila mara na bado anaripoti asubuhi. Hilo ndilo somo nililokuwa nawafundisha wenzangu wakati wa chai, na walionyamaza nilidhani wameguswa.

Mpinzani wangu katika mambo haya yote alikuwa Mama Pini. Yeye hasomi chochote. Yeye ana Kijana wa Hariri, yule mwimbaji wa mapenzi anayeimba huku amejishika kifua kama mtu mwenye kiungulia. Mabango yake tunachapa sisi. Mashine huweka rangi moja moja, kwa hiyo mimi huyu kijana nilimwona kwanza akiwa wa njano mtupu, kama mgonjwa wa ini, na tangu siku ile wimbo wake haujaniingia. Nilimwambia Mama Pini kwamba sauti ya huyo kijana ni ya bawaba iliyokosa mafuta. Akauliza ni wimbo gani wake nimewahi kuusikiliza hadi mwisho. Nikamwambia bawaba haisikilizwi hadi mwisho, unatafuta mafuta. Watu walicheka, na mimi nikahesabu hiyo kuwa ni hoja.

Habari za watu maarufu nazo ninazijua vizuri, ila kichwa chini, maana gazeti la udaku linakunjwa meza ya mbele yangu na mimi nalisoma kutoka upande wangu. Niliwahi kumpa pole jirani yangu kwa msiba wa mcheza sinema anayempenda, kumbe huyo mcheza sinema alikuwa ameolewa tu. Picha ilikuwa na maua mengi.

Msimamizi akasema watakaojaribiwa kwa ukaguzi ni wawili, mimi na Mama Pini, kwa sababu ndio wakongwe. Jaribio lilikuwa rahisi. Kila mmoja atapewa vitabu mia mbili vya toleo jipya la Bwana Tetemeko, na ndani yake yeye msimamizi amechanganya kumi na viwili vilivyopangwa vibaya. Atakayevitoa vyote, bila kutoa vizima, kiti ni chake. Nilicheka moyoni. Bwana Tetemeko, na Profesa! Usiku ule, badala ya kulala, nilimwambia baba watoto tununue mto mpya wa kile kiti. Akasema tungoje kwanza kiti.

Mkaguzi wa kweli hasomi, na hilo nililijua. Kila karatasi ina alama ndogo nyeusi juu, ukingoni. Karatasi zikivalishwa sawa, alama zinashuka kama ngazi, na ngazi ikikatika, kitabu kibaya. Unainua kitabu, unatazama ngazi, unakiweka. Mama Pini alianza hivyo, tap, tap, tap, macho yake yametulia kama mtu anayepeta mchele.

Mimi nilikaa. Nilikuwa naonja kiti kwa mara ya kwanza, yeye wamempa kibao cha kuazima. Nikainua kitabu changu cha kwanza, na badala ya kutazama ngazi nikakifungua. Nilitaka nimsalimie tu.

Ukurasa wa saba nilikuwa naujua, wa nane, wa tisa, wa kumi. Alikuwa chini ya behewa la treni. Nikafunua wa kumi na moja, ambao katika miaka sita sikuwahi kuuona. Kidole kimoja cha Bwana Tetemeko kinasogea. Wa kumi na mbili, ananyanyua behewa. Wa kumi na nne, adui analia. Wa kumi na tano, watoto wanampigia makofi na meya anamvisha taji la maua, na yeye anatabasamu kama muuza dawa za meno.

Nikasema hiki ni kibovu. Wameingiza mwisho wa kitabu cha mtu mwingine. Nikakiweka kushoto. Nikafungua cha pili, kushoto. Cha tatu, kushoto. Mama Pini alipopiga kengele kuwa amemaliza, mimi nilikuwa na arobaini na moja upande wa kushoto na hakuna hata kimoja kulia, na jasho linanitoka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kwamba toleo zima, nakala elfu nne, limeharibika, na ni mimi pekee niliyegundua.

Nikasimama, nikamwambia aliyekuwa anapeleka vitabu kwenye mashine ya kukata azime mashine. Akaizima, kwa jinsi nilivyosema. Nikaenda hadi kwa msimamizi, mle mle chumbani. Alikuwa na mgeni, mtu mwembamba mwenye wino kwenye mkono wa shati, lakini sikujali wageni.

"Mkuu, simamisha gari," nikasema. "Mwisho wa kitabu si wake."

Msimamizi akakichukua, akatazama ngazi ya alama, akakigeuza, akatazama tena. Akaniambia kiko sawa kabisa.

"Hakiko sawa. Humu ndani Bwana Tetemeko anashinda."

"Ndiyo."

"Bwana Tetemeko hashindi, mkuu."

 Yule mtu mwembamba akainua uso. Akauliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mtoto aliyepotea sokoni, meza yangu ni ipi. Nikamwonyesha. Akaitazama ile meza, akatazama rundo la karatasi za katikati, na nikaona anaelewa kabla yangu. Mtu yule ndiye mchoraji wa Bwana Tetemeko.

Halafu akaelewa Mama Pini. "Dada," akasema, "miaka sita unatuhubiria habari za mtu, na hujui huwa anaishia wapi?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini sakafuni. Ningekuwa wao, nami ningecheka. Lakini mimi mdomo wangu haujui kuanguka kimya, kwa hiyo nikamgeukia mchoraji nikamwambia ukweli wangu. Nikamwambia kama huyu mtu anashinda kila mwezi, basi anajua atashinda, na kama anajua, ujasiri wake uko wapi? Hata mimi ningelala chini ya behewa kwa raha zangu. Aliyekuwa shujaa ni yule wa kwangu.

Mchoraji alijikuna shingo. Akasema watoto ndio wanaonunua, nao wanataka ashinde. Kisha akasema, polepole, kwamba zile kurasa nne humchukua wiki mbili, na mwisho wote anauchora siku moja.

"Inaonekana," nikasema.

Msimamizi hakusubiri zaidi. Mama Pini alikuwa ametoa kumi na viwili, vyote vibaya kweli. Mimi nilikuwa nimetoa arobaini na moja, na vibaya miongoni mwao ni viwili tu, tena kwa bahati. Akaniambia, bila ukali, kwamba mashine imesimama dakika ishirini na gari linangoja, nirudi mezani. Nikarudi. Kukunja karatasi huku watu wanakuita Kurasa Nne ni kazi, lakini mikono haina aibu, inakunja tu.

Nyumbani baba watoto aliniuliza habari ya kiti. Nikamwambia. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alinichemshia maji ya kukanda magoti, akasema mwaka ujao pengine atastaafu mtu mwingine. Nikamwambia chumbani kuna kiti kimoja tu.

Jumatatu Mama Pini akakikalia kiti. Nilimtazama akitazama ngazi zake, tap, tap, wala hajui behewa ni nini, na ilinibidi nikiri kwamba hakosei. Saa nne tukapewa robo saa ya chai. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta kama kawaida. Akanyanyuka, akajinyoosha mgongo, akanipungia mkono.

"Njoo ukae, dada. Mimi nimekaa mpaka nimechoka."

Ningekuwa na heshima zangu ningesema sitaki. Nilifika pale kabla hajamaliza kutikisa gauni. Nikakaa, na magoti yangu yote mawili yakanyamaza kwa pamoja.

Mama Pini alisimama kando yangu na kikombe chake, akatoa simu, akaweka wimbo wa Kijana wa Hariri. Tukausikiliza kuanzia mwanzo. Katikati palikuwa na ile bawaba, kama kawaida yake. Nikafungua mdomo. Nikaona mkono wa Mama Pini umewekwa juu ya egemeo la kiti, pale karibu na sikio langu, unapigapiga mdundo.

Wimbo ukaisha. Chai ilikuwa bado na dakika tisa.

"Haya, Profesa," akasema. "Leo umeusikia hadi mwisho. Anajua kuimba, hajui?"

"Anajitahidi."

"Anajitahidi tu?" Mkono ukaacha kupiga mdundo.

"Anaimba vizuri," nikasema, nikajivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa ubao. "Hebu weka na mwingine."