Watu wa Radi

Sisi wa Ufipa tuliitwa watu wa radi. Mtumishi wa serikali akipata uhamisho wa kuja Sumbawanga, ndugu zake walimlilia kama maiti. Nilipokwenda kusomea ualimu mkoa mwingine, jina lilinitangulia, na sikatai, lilinifaa. Miaka miwili bwenini sikuibiwa hata kipande cha sabuni.

Kuhusu asili ya jina, kila mtu alikuwa na yake. Wageni walisema wazee wetu wanafuga radi chunguni na kuwauzia wenye visasi. Katekista alisema huo ni ushamba mtupu, ila mawingu yakitanda alikuwa wa kwanza kufunika kioo chake kwa kanga. Bibi yangu alisema uwanda huu hauna miti. Radi ikishuka imkute nani, kama si mtu na jembe lake? Maelezo ya bibi hayakumvutia yeyote, maana hayakuwa na mchawi ndani yake.

Wakati wa vijiji vya ujamaa, tukiwa Kasense, aliletwa bwana shamba kutoka Mbeya, mlokole mwenye baiskeli na kamba ya kupimia. Alichukia intumba zetu, yaani vichuguu tunavyovijenga kwa kufukia nyasi zioze ziwe mbolea. Kilimo cha kisasa, alisema, ni matuta yaliyonyooka. Akamwamuru mama abomoe vyote kabla ya Jumatatu. Mama alikuwa mjane, na chakula chetu cha mwaka mzima kilitegemea vichuguu hivyo.

Hakubishana. Alitazama mawingu, akasema kwa adabu ile ile ya siku zote, "Haya, bwana shamba. Mvua inakuja. Ufike salama."

Bwana shamba aliisahau kamba yake pale pale shambani. Nilimwona akichochea baiskeli kuelekea mjini, ameinama hadi kidevu kinagusa usukani. Jumatatu ikaja barua: vichuguu vya mama huyu viachwe, ni vya majaribio. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wiki ile kijiji kizima kilishikwa na adabu. Kila alikopita bwana shamba alitakiwa safari njema, na hakuna kichuguu kilichobomolewa. Mama akaanza kutembea kama mke wa katibu kata.

Msimu uliofuata, mchana, radi ilipiga zizi letu ikaua maksai wetu wawili. Majirani wale wale walioponea kwa ulimi wa mama hawakuja kutoa pole. Walisimama ng'ambo ya barabara wakinong'ona kwamba imemrudia mwenyewe. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Aliyekuja ni bwana shamba. Alivua kofia, akasimama mlangoni. "Pole sana, mama. Mkae salama."

Mama alinishika mkono. Alipoondoka mgeni, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Umesikia alivyosema?"

Nilimwambia ni salamu tu, mama, kama yako. Kesho yake alichukua jembe akabomoa intumba zote mwenyewe, na matuta akayanyoosha kwa ile kamba ya bwana shamba. Bila mbolea ya nyasi, mahindi yalidumaa, majani yakawa ya njano. Mwaka ule tulikula ugali wa kuomba, kwa majirani wale wale.