Safari ya Kuzunguka Kisiwa na Baba Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ilikuwa siku ya jua kali, mbali sana na hapa, na mimi nilikuwa bibi harusi mgeni kama wewe. Sogeza kigoda ukae. Maharage hayo bado magumu, hayatatukimbia. Wewe umezaliwa Mbeya mjini, na mila za hapa kijijini Masoko umefundishwa na mashangazi wa mumeo harakaharaka, kwa hiyo nivumilie nikirudia unayoyajua.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka ya Tukuyu yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za kunukia na mitumba ya kila rangi. Wakati huohuo kiwanda cha chai alikofanya kazi mume wangu Ambakisye, huyu mzee wako wa leo, baba mkwe wako, kikapata wenyewe wapya, nao wakapunguza watu. Ambakisye akapunguzwa. Alirudi na mafao yake akitabasamu, maana alikuwa kijana na alidhani dunia imefunguliwa kwa ajili yake. Akaanza kuwatembeza wazungu waliokuja na mabegi mgongoni kuliona ziwa letu la hapa Masoko. Wazungu wale walimshangaza. Hela walikuwa nazo, lakini walikula ndizi za kuchoma, wakalala kwenye mikeka, wakajipikia wenyewe kwa kijiko kimoja. Wakamweleza kwamba kisiwa cha Unguja mtu anaweza kukizunguka chote hivyohivyo, kwa miguu na kwa magari ya bei rahisi, akilala kwenye nyumba za watu. Ambakisye akashikwa na wazo hilo. Alipeleka magunia ya mbolea yaliyofuliwa kwa fundi cherehani wa Bulyaga, akashonewa mabegi ya mgongoni yenye mikanda. Watu walicheka, nami nilicheka, mpaka nilipoona ameagiza mabegi matatu.

Moja lilikuwa lake, la pili la baba yake, la tatu langu.

Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa. Jina lake silitamki hata leo, utanisamehe. Maisha yake yote alikuwa ameimba nyimbo za bahari, akasoma habari za Musa na bahari, za Yona na bahari, na kuiona hajaiona. Ziwa Nyasa alilijua, ila kwake ziwa lilikuwa ziwa tu. Alitaka kuonja maji yenye chumvi kabla ya kufa. Alimwambia mwanawe hivyo kanisani, mbele ya watu, na mwana wa kwanza akiambiwa jambo kama hilo mbele ya watu atafanyaje?

Mama mkwe ndiye pekee aliyeona matatizo. "Na mkwe anakwenda kufanya nini?" aliuliza.

"Anakwenda kupika," Ambakisye akajibu. "Hotelini hatutaweza."

"Mtatembeaje njia moja, mkwe na baba mkwe?"

"Kisiwa ni duara, mama. Mmoja atatangulia, mwingine atafuata."

Watu wakacheka tena. Mama mkwe hakucheka. Unajua, mila hiyo wenyewe tunaiita kutila: mke hamtazami baba mkwe, hasemi naye, haingii alipo, akimwona njiani anajificha migombani mpaka apite. Naye baba mkwe vivyo hivyo, hakuiti, hakukaribii. Hapa nyumbani si kazi ngumu. Migomba ni mingi, nyumba zina milango miwili, na kila mtu anajua kukohoa kabla hajapinda kona. Sasa jaribu kuyafanya hayo safarini.

Kwenye treni kutoka Mbeya Ambakisye na baba yake walikaa behewa moja, mimi nikakaa la nyuma yake, nimejifunika kitenge. Kwenye meli walikaa mbele, mimi nikakaa nyuma kwenye moshi, nikatapika peke yangu. Kisiwani magari yao yalikuwa ya mbao, abiria wanakaa wakitazamana, kwa hiyo wao walipanda moja nami nikasubiri lingine. Wanawake wa kule, wenyewe wanajistiri sana, walinipenda. Walisema huyu mke amelelewa. Nami, nisikudanganye, nilijisikia vizuri. Nilikuwa msichana wa mlimani, sina chochote, lakini heshima ninayo na watu wanaiona.

Mzee aliionja bahari. Mimi nilikuwa mbali, nyuma ya minazi, ila nilimwona kwa upenyo wa kitenge akiinama na koti lake la sufu, akachota kwa kiganja, akanywa, akatema, akacheka kama mtoto. Lile koti hakulivua hata siku moja. Jua la kule linachoma mpaka chini ya nyayo, na sisi tumezoea ukungu na mvua, lakini angevuaje koti abaki na shati lililolowa jasho, wakati mke wa mwanawe yuko nyuma yake njiani? Naye alikuwa akinistahi mimi. Tulistahiana hivyo, yeye mbele anaiva, mimi nyuma nimejifunika uso, tunakizunguka kisiwa cha watu.

Upande wa mashariki tukapanga vyumba viwili kwa mama mmoja mjane, Bi Mize. Miguu ya mzee ilikuwa imevimba. Asubuhi ile Ambakisye akasema baba apumzike, yeye atakwenda kijiji cha pili kutafuta gari la kesho. Aliniachia kazi ya kupika. Bi Mize naye akatoka na wanawake wenzake, maji ya bahari yalikuwa yamekupwa, wakaenda mbali huko baharini kwenye mashamba yao ya mwani, ndiyo biashara iliyokuwa imeingia miaka ile. Nyumba ikabaki na watu wawili, mimi uani na mzee chumbani. Katikati yetu pazia. Hata mlango haukuwepo, mwanangu, pazia tu la kanga kuukuu.

Nilikuwa nachambua mchele niliposikia kishindo. Nikaweka ungo chini nisikilize. Kisha nikasikia sauti yake, nyembamba, haikuwa ile sauti ya kanisani.

"Kuna mtu?"

Alijua niko. Alikuwa amesikia sufuria zangu tangu asubuhi. Lakini mimi hakuweza kuniita, kwa hiyo aliita mtu, mtu yeyote, akitumaini ndani ya nyumba ile kuna mwingine.

"Amisi," akasema. Maji, kwa lugha yetu. "Amisi, tafadhali."

Nilisimama. Nikachota maji kwenye ndoo, nikajaza kikombe, nikaenda mpaka kwenye pazia. Hapo miguu ikagoma. Chini ya pazia niliona nyayo zake zimelala sakafuni, na kuziona tu nilishtuka kana kwamba nimemwona uchi. Nikageuza uso. Niliweka kikombe chini, nikachukua mwiko mrefu wa ugali, nikakisukuma kikombe ndani kwa mpini, macho nimefumba. Nikakohoa ili ajue. Nikamsikia akijikokota. Nikasikia kikombe kikianguka na maji yakitambaa mpaka yakaufikia ukingo wa kanga yangu.

"Amisi," akasema tena.

Ungefanya nini? Usinijibu. Mimi nilifanya nilichofundishwa, nilikwenda kutafuta mtu. Nilitoka mbio mpaka ufukweni. Bahari ilikuwa imerudi nyuma sana, mchanga mweupe unaumiza macho, na wale wanawake walikuwa vidoadoa huko mbele. Nilikimbia kwenye mawe ya matumbawe nikakatwa miguu, nikipiga kelele kwa Kiswahili na Kinyakyusa vikichanganyika, na upepo ukayarudisha maneno yangu kinywani. Mwisho Bi Mize akaniona. Alitupa kapu la mwani, akaja akikimbia, mtu mzima yule, maji yanaruka hadi kiunoni.

Yeye aliingia bila kusimama. Mimi nilibaki nje ya pazia. Nilimsikia akisema, "Bwana, bwana, hebu nywa." Kisha akatoka, nguo imelowa, akanitazama.

"Keshakwenda," akasema. "Haya maji sakafuni nani kayamwaga?"

"Mimi."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa hapa nilipo."

Alifuta mikono kwenye kanga. "Hata siye tuna haya zetu, mwanangu," akasema taratibu. "Lakini yule alikuwa mgonjwa. Mgonjwa hutizamwa, hafanyiwi haya."

Ambakisye alirudi amebeba madafu ya baba yake. Sitakusimulia hapo. Daktari wa zahanati alisema ni joto na maji kumwishia mwilini, kisha akasema labda moyo nao ulikuwa umechoka, labda hata angekunywa asingepona. Labda. Neno hilo nimelilalia na kuliamkia, na halijawahi kunipa raha hata siku moja.

Hatukuwa na uwezo wa kumrudisha. Tulimzika mchangani, kwenye makaburi ya Wakristo, na watu wachache wasiomjua. Mtu wa Masoko, aliyezaliwa migombani, ambaye angelazwa nyuma ya nyumba yake karibu na baba zake, wanawake wakalia siku nzima na wanaume wakachimba kwa zamu. Tulimwacha kule, tukarudi na begi lake la gunia, ndani yake Biblia na koti.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nyumbani walijaa watu. Nilidhani nitapigwa, nitafukuzwa, nirudishwe kwa baba yangu Masukulu. Nilitaka nifukuzwe. Ambakisye aliposimulia yote mbele ya wazee, baba yake mdogo akasimama akanyoosha mkono kwangu nilipojificha. "Mnamwona huyu?" akasema. "Huyu ndiye mke. Hata kifo hakikumwondolea heshima. Ndaga fijo, binti yetu." Wazee wote wakaitikia, ndaga, ndaga. Walinishukuru, mwanangu. Wanawake waliwaonyesha binti zao mimi. Miaka mingi nimetajwa kwenye harusi za watu hapa kama mfano, na nadhani hata wale mashangazi walikutajia.

Mama mkwe hakuitikia. Jioni yake alinikuta hapahapa jikoni, akakaa ulipokaa wewe. "Mzee alisema nini mwishoni?" akaniuliza.

Nikamwambia. Aliomba maji.

Moto ulikuwa unataka kuzimika. "Mimi hakuniomba maji hata siku moja," akasema. "Alikuwa anakohoa tu, nami najua. Mtu yule alikuwa hawezi kuomba kitu." Akauchochea moto. "Basi aliomba." Hakunilaumu, na mpaka anakufa hatukulizungumza tena. Lakini tangu siku ile sauti ya yule mzee haijanitoka masikioni.

Ambakisye naye hajawahi kuniuliza. Tumezaa, tumezika, tumevuna kahawa na kuing'oa, na hajawahi kuniuliza kwa nini sikuingia. Akiniuliza nitamwambia niliogopa. Sikumwogopa baba yake, niliogopa watu. Niliogopa watakavyosema, nao wakasema mazuri, na mazuri yao hayanifai kitu.

Jana nilikuwa sokoni. Jirani kaniambia alichokiona. Mzee wako Ambakisye, na ule mguu wake uliopooza, aliteleza kwenye tope hapo nje, na wewe ulikuwa mlangoni. Ukajifunika, ukakimbilia migombani kutafuta mwanaume wa kumwinua. Alilala kwenye mvua mpaka akapatikana mtu. Najua ulivyofundishwa. Sikulaumu, nami sina mdomo wa kukulaumu. Lakini nilipoambiwa, nikakaa chini sokoni na kapu langu.

Basi nakuambia wazi, usije ukasema hukuambiwa. Mheshimu baba mkwe wako. Mpishe njia, usimtamke jina, jifunike, hayo yote ni mazuri na yana utamu wake. Ila siku akianguka, ingia. Akiwa na kiu, ingia. Akiwa uchi, amejichafua, analia, ingia umshike kwa mikono yako miwili, umtazame usoni. Usitafute mtu, maana mtu ni wewe. Mashangazi wakikusema, waje kwangu. Wazee wa ukoo wakikusema, waje kwangu vilevile, nitawaambia lile ambalo sikuwaambia siku ile waliponishukuru. Mzee wako mwenyewe nimezungumza naye leo asubuhi. Nilimwambia nitakuruhusu. Akageukia ukutani, na sijui kama alikubali au alikuwa analia. Hata kama hakukubali, ingia.

Sitegemei kwamba hili litanipunguzia mimi kitu. Nimeshazeeka nalo. Nataka tu lisianze upya kwako.

Lete kichwa chako hapa. Kyala akusaje, mwanangu. Mungu akubarikie tumbo lako na shamba lako. Akupe watu wa kukusema vibaya kwa jambo jema, na moyo wa kutowajali. Na ukifika umri wangu, akupe usingizi. Mimi sijaupata.