Nilivyokubali Kumficha Baba Yake

Chumba changu cha kufundishia kilikuwa chini ya ngazi za shule, huko Ibanda, mtaa wa mji wetu wa kando ya ziwa, mahali ambapo mlima umekatwa ukajengewa ukuta wa mawe. Dirisha lilitazama ukuta huo. Watoto waliokuja kwangu baada ya masomo walikuwa wa mwaka wa saba na wa nane, kila mmoja na shida yake: mmoja hakusikia vizuri, mwingine hakuweza kutulia kitini, wawili walichelewa kuelewa. Niliajiriwa niwasaidie kufuata darasa la wenzao, na niwaonyeshe wazazi namna ya kuwasaidia nyumbani. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyonishinda.

Kulikuwa na msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye kichwa kinachoshika kila anachosikia. Ukimsimulia somo la historia mara moja, alikurudishia lote. Lakini kwenye karatasi maneno yalimponyoka. Mstari mmoja ulimchukua muda ambao mwenzake alimaliza ukurasa, na akifika mwisho alikuwa amesahau mwanzo. Nikamwita mama yake tuongee.

Mama alikuja siku ya kazi amevaa kitenge cha kanisani. Nilimweleza kwamba mtoto si mvivu wala si mjinga, kwamba wako watu wenye macho mazima na akili nzuri ambao kusoma kunawatesa, na kwamba akisaidiwa polepole atasonga mbele. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasogeza kiti karibu na changu.

"Madame, nimekubali. Mutoto akuje. Lakini bwana yangu asijue."

"Juu ya nini, maman?"

"Miye namujua. Akisikia binti yake iko mu darasa ya watoto wenye shida, atamutoa ku masomo, atamupeleka ku kijiji, Nyangezi, kwa mama mukwe wangu akalime. Nitamuambia ni darasa ya wale wenye wanasoma muzuri kupita wengine."

Ningekataa pale pale. Kila mzazi niliyekutana naye nilimwambia neno moja kwanza: nyumba nzima ijue. Lakini alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na nilimwamini aliposema juu ya Nyangezi.

"Sawa, maman," nikasema. "Mpaka Pasaka tu."

Mwaka ule, kwa sababu ya vita, ofisi nyingi za mji zilifungwa. Baba alikuwa mtu wa ofisi, na sasa alishinda nyumbani. Aliyezoea kuamua mambo ya watu hakuwa na jambo la kuamua isipokuwa madaftari ya binti yake. Kila jioni alimkalisha mezani asome kwa sauti. Akikosea neno, baba alipiga meza kwa kiganja, na mstari ukaanzwa upya. Mama ndiye aliyenisimulia. Mtoto mwenyewe alikuja tu na kucha zilizotafunwa mpaka nyama, na kile nilichokijenga wiki nzima nilikuta kimebomoka.

Nilijua kabisa la kumwambia yule baba. Amsomee yeye, mtoto asikilize na kujibu kwa mdomo, kupiga meza kuachwe. Lakini ningeanzia wapi, wakati yeye aliamini binti yake ni wa kwanza?

Jumapili moja baba huyo alinikuta mbele ya kanisa.

"Madame, asante kwa kazi. Na miye ku nyumba namukaza. Hatuwezi kumuacha alegee."

Nikatabasamu. "Asante, papa," nikasema, nikashuka mlima. Nilifikiri kuacha kazi, lakini hakuna shule iliyokuwa ikitafuta mwalimu, na barabara za kutoka mjini hazikuaminika. Kesho yake nilikuwa tena mbele ya ule ukuta.

Pasaka ikapita. Nilimwomba mama anifungue kutoka kwa ahadi yangu. "Ngojea kidogo, Madame," akasema. Nikamuuliza mtoto kama nimwambie baba yake.

"Usimuambie papa," akanijibu. "Atajua maman alisema bongo."

Bongo ni uongo. Nilikuwa nimemfundisha mtoto wa watu kulinda uongo wa wakubwa.

Jumamosi moja baba alinialika chakula cha mchana. Palikuwa na bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa ziwa. Kabla hatujanawa mikono akamwita binti yake, akampa barua ya Kifaransa iliyotoka kwa ndugu yake yeye baba.

"Soma, Madame asikie vile unaendelea."

Msichana alinitazama. Akasoma maneno mawili, la tatu likakataa.

"Anza tena," baba akasema, bado anacheka kidogo.

Akaanza tena, akakwama pale pale. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni na sahani mkononi. Mara ya tatu msichana akasoma bila kusita, Kifaransa kizuri, sentensi baada ya sentensi, macho yakitembea juu ya karatasi. Yote alikuwa anayatunga. Baba, aliyesimama nyuma ya bega lake, akampokonya barua.

"Unanichezea mbele ya mugeni?" Mkono wake ukapanda.

"Papa, hawezi!" nikasema.

"Hawezi nini?"

"Hawezi kusoma vile unataka, na haiko kosa yake. Darasa yangu haiko ya wale wa kwanza. Ni ya watoto wenye kuhitaji musaada. Tulikuficha."

Mkono ukashuka. Akamgeukia mkewe. "Na wewe ulijua?" Mama aliitazama sahani. Baba akaniambia, kwa heshima kabisa, "Madame, kula," akatoka uani. Hakuna aliyekula.

Wiki mbili mtoto hakuonekana. Mkuu wa shule akaniambia baba ameomba karatasi za masomo za binti yake ili amtoe shuleni. Halafu, Alhamisi ya mvua, baba akaingia chumbani kwangu na matope mpaka magotini.

"Nilimusomea ile barua miye mwenyewe," akasema. "Mara moja tu. Akanirudishia yote, neno kwa neno. Ni mutoto wa namna gani?"

"Wa akili, papa."

"Sasa mangaribi, akikaa mezani, nifanye nini? Miye najua kumukaza tu."

Nikamwonyesha. Aliandika kila kitu. Kisha akauliza ni nani atakayemsomea maswali siku ya mtihani wa serikali. Nikamwambia kweli: hakuna. Mtihani ni karatasi, na kila mtoto hujisomea mwenyewe.

Akafunika kalamu. "Kwa hiyo tumekwama."

"Tumekwama, papa. Lakini arudi."

Msichana alirudi Jumatatu. Jioni baba anamsomea, na kucha zimeanza kuota. Mama humsindikiza mpaka juu ya ngazi, hashuki. Kanisani ananisalimia kama mtu asiyenijua, na siwezi kumlaumu. Juzi msichana aliniambia, akinakili somo, kwamba mama akisema anaenda sokoni, baba humgeukia yeye na kumuuliza kama ni kweli.

"Na wewe unajibu nini?"

"Natazama maman kwanza," akasema, akaendelea kuandika.