Daktari wa Meno ya Simsim

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kwa daktari wa wanyama. Meno ya sungura wake, yaliyokuwa yamerefuka, yalipunguzwa kabla sijatulia kwenye benchi. Nilirudi nyumbani nikikumbuka miaka ya sabini, nilipokuwa mtoto.

Sungura wangu mimi aliitwa Simsim. Meno yake ya mbele yalipinda mpaka akashindwa kutafuna, na kidevu chake kililowa mate yenye harufu kali. Daktari wa ng'ombe aliyekuja kwetu Burumba, upande wa Kenya, alimwambia baba, "Hii meno ndogo siwezi, mzee. Iko mmoja Tororo, Uganda, huyo ndiye anajua."

Basi baba akanipeleka Malaba, Simsim akiwa ndani ya kikapu kilichonuka dagaa wa omena. Mpakani malori yalikuwa yakinguruma. Baba alimkuta mama mmoja muuza ndizi aliyetoka Tororo, akamwuliza habari za yule daktari. Mama yule aligeuka kwanza, akawatazama wanajeshi wa upande wa Uganda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, rudi tu. Daktari walimchukua."

Baba alivua kofia. Mimi nilifurahi. Kwetu, mtu aliyechukuliwa alikuwa amefuatwa na gari kwenda harusini, na jioni alirudishwa akinukia mchuzi wa kuku.

"Watamrudisha lini?" niliuliza.

Mama yule alinitia ndizi mbivu mkononi. "Kula, mtoto wangu."

Njia nzima nilimnong'onezea Simsim kikapuni, "Vumilia. Wakimaliza naye, watamrudisha."