Ngamia Kwanza, Wageni Baadaye

Wanafunzi wa chuo kimoja cha ng'ambo walikuja Garissa kwa wiki mbili kujifunza umeme wa jua. Mhadhiri wao angemchagua kijana mmoja wa hapa aende kwao kwa ziara kama hiyo, na niliitaka nafasi hiyo hadi nikakosa usingizi. Pampu ya kisima chetu niliifunga mimi, kwa ufundi niliojifunza kwenye simu, na paneli nilikuwa nimezifuta hadi vidole vikachubuka.

Mhadhiri akataka niizime pampu ili wanafunzi waone inavyoanza. Ngamia walikuwa wanakunywa, na kwetu mnyama akishainamia birika hakatiwi maji. Nikamwomba angoje. Akatazama saa yake, akaguna.

"Warya, kijana, hawa wanataka nini?" mwenye ngamia akaniuliza.

"Wanataka pampu izimwe."

"Waambie wakazime pampu ya kwao. Hapa hawakuchimba hata shimo la choo."

Mhadhiri akauliza amesema nini. Mimi siwezi kutafsiri nusunusu. Nikamweleza neno kwa neno, pamoja na choo, na nilifurahi kuona uso wake ukibadilika.

Nafasi alipewa kijana wa mjini aliyewachekea siku nzima. Picha zake za huko hunifikia kwenye simu. Sijawahi kumpongeza.