Nilimtumia daktari picha ya kaunta isiyo yake: nilivyojifunza kuongea na wateja

Wakuu, kwema? Naomba mnisikilize kidogo leo. Haya sikuambiwa na mtu, yamenipata mimi mwenyewe hapa Nairobi, na mkiona nimetia chumvi mahali mnifungie akaunti.

Mimi ni fundi wa fanicha. Kibanda changu kiko kando ya Ngong Road, upande wa Jamhuri, na nyumbani ni mtaa wa Satellite. Kazi hii nimeifanya miaka tisa. Mikono yangu haina neno. Nikikutengenezea kabati, wajukuu wako wataligombania.

Shida ilikuwa mdomo.

Wale mmewahi kuagiza kitu kwa fundi mnaijua lugha yetu. "Nimebakisha vanishi tu" maana yake mbao hazijanunuliwa. "Kuja kesho jioni" maana yake usije. Tukibanwa sana tunazima simu siku mbili, halafu tunaibuka na hadithi ya stima kupotea, eti umeme ulikatika.

(Mafundi wenzangu najua mmeanza kununa. Nuneni tu, nitawangoja hapa.)

Na mimi sikuona kama ni uongo. Nililelewa nikijua kwamba mtu mzima akikuuliza jambo, kumwambia "hapana" usoni ni kukosa adabu. Kwa hivyo nilikuwa nampa mteja jibu tamu aende zake na furaha. Hiyo ndiyo niliita customer care.

Sasa mwaka huu mambo yakaanza kuniendea mrama. Mteja mmoja alichoka na kesho zangu, akaniandika kwenye group la WhatsApp la mtaa wao: jina, namba na picha ya kibanda. "Huyu fundi ni mwongo, msipoteze wakati." Kwa wiki kadhaa simu haikulia isipokuwa ya watu wa kulalamika.

Ndipo akaja daktari wa meno mmoja, mama wa makamo, ambaye hakuwa kwenye group hilo. Alikuwa anafungua kliniki yake ya kwanza Hurlingham baada ya kufanyia wengine kazi miaka mingi. Alitaka kaunta ya reception na benchi nne za wagonjwa. Ufunguzi ni Jumatatu fulani, pasta wake anakuja kuombea mahali na mama yake mzazi atakuwepo.

Akanipa wiki tatu. Nikamwambia, "Hiyo ni kazi ndogo, daktari."

Akaniambia pia kwamba kaunta ikitoka vizuri, makabati ya vyumba vyote ni yangu. Kwa fundi ambaye jina lake limeshachafuliwa, hiyo ndiyo kazi ya kumrudisha mjini. Nikiikosa, sikujua nitaanzia wapi tena.

Mbao zikaja mbichi. Ukiunganisha mbao mbichi, zikikauka zinapinda, kwa hivyo ilibidi nizingoje, nikatengeneza benchi mbili tu kwa mbao kavu nilizokuwa nazo. Hilo halikuwa kosa langu. Kosa langu ni kwamba sikumwambia. Alipopiga wiki ya kwanza nilisema tunaendelea. Ya pili nikasema tunaendelea vizuri sana.

Jumatano ya wiki ya mwisho akaandika: "Fundi, nitumie picha basi nione imefika wapi."

Wakati huo kaunta yake ilikuwa rundo la mbao limeegemea ukuta.

Nikafungua simu, nikatafuta picha ya kaunta niliyotengenezea salon moja mwaka jana, nikaituma. Najua, wakuu. Msinirushie mawe bado.

Akajibu kwa furaha: "Wow fundi! Iko smart sana. But kwani ina kioo hapo mbele?"

Nikaandika: "Hiyo kioo tutatoa, usijali."

Alhamisi jioni niko nyumbani tunakula, simu ikalia, ni yeye. "Fundi, ile picha nimeprint nikapea mtu wa stima. Kesho morning anakuja kutoboa ukuta aweke socket kulingana na vile kaunta itakaa. Ni hivyo tu, ama?"

Nikajibu, "Eeh, ni hivyo hivyo."

Nilipokata simu nilisukuma sahani ya ugali kando. Kaunta yake halisi ilikuwa ndefu kuliko ile ya salon na ina kona. Socket zingeangukia nyuma ya droo, na ukuta wenyewe ulikuwa umewekwa tiles mpya juzi tu. Mpaka hapo uongo wangu ulikuwa umechelewesha watu. Sasa ulikuwa unaenda kutoboa ukuta wa mtu.

Mke wangu alikuwa amesikia yote. Yeye anafanya kazi ya kaunta katika ofisi ya vifurushi huko tao, katikati ya jiji, kazi yake kutwa ni kuongea na watu ambao mizigo yao haijafika.

Akaniuliza, "Baba Shiro, hiyo kaunta si hata hujaiunganisha?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na mimi ukiniambia mambo iko sawa, huwa unanitumia picha ya nani?"

Wakuu, hilo swali liliniuma. Yeye hakuendelea kunichimba. Alitoa vyombo, akarudi akakaa, akanifundisha kama anavyofundisha wageni kazini kwao.

"Usianze na stima, usianze na mvua. Mwambie kenye kimeharibika. Mwambie kenye kiko. Mwambie siku ya ukweli, si ile ya kumfurahisha. Halafu nyamaza. Hapo kwa kunyamaza ndio kazi."

Nikamwambia basi nitampigia simu. Akasema, "Hapana. Kwa simu utamdanganya tena. Enda umwone."

Asubuhi nilipitia kibandani kwanza. Kulikuwa na kabati la mteja lenye kioo mlangoni, nikasimama mbele yake nikafanya mazoezi. Mara ya kwanza nilijikuta namwambia yule mtu wa kwenye kioo kwamba stima ilipotea. Mazoea ni kitu kibaya. Nikarudia mpaka nikamaliza maneno bila kuweka kisingizio, nikaondoka kabla moyo haujabadilika.

Hurlingham nilifika na kumpata yule fundi wa stima ameshachora ukuta kwa penseli na drili iko mkononi. Daktari amesimama kando yake na ile picha. Nikajikaza kisabuni.

"Ngoja kwanza, ndugu yangu, usitoboe," nikasema. Kisha nikamgeukia mwenye kliniki. "Daktari, hiyo picha si ya kaunta yako. Nilikudanganya. Mbao zilikuja mbichi na sikukuambia. Kaunta yako haijaunganishwa. Benchi mbili ziko tayari kabisa. Jumatatu siwezi. Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa hapa na kaunta na zile benchi mbili zimebaki."

Halafu nikanyamaza.

Jamani, kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kupiga randa. Ulimi ulikuwa unawasha. Nilitaka kuongeza mvua, nilitaka kuongeza "lakini usijali." Niliangalia viatu vyangu.

Daktari aliketi juu ya ndoo ya rangi. Alikasirika, sitawaficha. "Fundi, ungeniambia last week ningesongesha hiyo siku. Saa hii mamangu ashajipanga, pasta ashajipanga. Unanifanya nikae mjinga mbele ya watu wangu."

"Ni kweli, daktari. Pole sana."

Akaikunja ile picha mara mbili. Nilijua kazi imeenda, na makabati yameenda nayo. Kisha akaniangalia.

"Hizo benchi mbili ni za ukweli, ama ni za picha?"

Yule fundi wa stima alicheka hadi akaweka drili chini.

"Ni za ukweli. Saa nane leo zitakuwa hapa."

Saa nane kasorobo nilikuwa nazishusha mlangoni. Nilimwachia fundi wa stima vipimo vya kweli, akafuta penseli akachora upya. Jumatatu ile maombi yalifanyika na meza iliyoazimwa kanisani, imefunikwa kitambaa kizuri. Mimi nilikuwa kibandani nafunga kaunta bila hata kunywa chai.

Alhamisi pickup ilikwama kwenye jam Kilimani. Zamani ningezima simu. Saa tatu na nusu nikampigia: "Daktari, tumekwama, nitafika kabla ya saa tano." Nilifika saa tano kasoro dakika kumi. Alikagua kona, akafungua droo zote, akasema, "Leo umenipigia kabla sijakutafuta." Hiyo tu. Sikupewa makabati siku hiyo, na sikuuliza.

Niliporudi nyumbani nililala kama mtoto. Niligundua nimeishi miaka tisa nikishtuka kila simu ikilia.

Sitawadanganya kwamba ukweli unalipa kila mara. Tangu hapo wateja wawili nimewaambia "mpaka mwezi ujao", wakavuka barabara wakaenda kwa jirani aliyewaambia kesho. Poa.

Lakini wiki iliyopita alinipigia mama mmoja simjui, anataka makabati ya jikoni. Nikamwambia nimejaa, siwezi kuanza kabla ya wiki tano. Nikangoja akate simu.

Akasema, "Daktari aliniambia ukisema wiki tano ni wiki tano. Nitangoja."

Niliketi chini pale pale kwenye vumbi la mbao. Nina miaka thelathini na nane, na hakuna mtu alikuwa amewahi kungoja kwa sababu mimi nimesema.

Nilichojifunza ni hiki: habari mbaya ipeleke mapema, ipeleke mwenyewe, kisha umwache mtu akasirike. Hasira ya mtu aliyeambiwa ukweli ina mwisho. Na wale mko maofisini msidhani ni mambo ya mbao tu, mke wangu anasema hata mabosi wao wanatuma "almost done" kutwa nzima.

Haya, uwanja ni wenu, matusi pia nitasoma. Ila kabla hujaandika, jiulize kwanza: ni simu ya nani inayolia sasa hivi na wewe unaiangalia tu?