Ndiga za Koplo

Hadithi hii ukiisikia utaniona mjinga, na sitakubishia. Ila ngoja nimalize ndio ucheke.

Mimi na kaka yangu Karisa tulikuwa watu wa vilima vya nyuma ya Mikindani. Tukikosa kibarua, asubuhi tunapanda. Njia tuliijua kwa mkwaju uliopasuliwa na radi, halafu jabali lililolala kama ng'ombe, halafu kileleni, ambako meli za Kilindini unaziona zimejipanga kama kuku bandani. Njiani tunakula mabungo mpaka meno yanaingia ganzi. Chini ya jabali tunachimba ndiga, viazi vya mwituni. Ndiga ni sumu. Unazikata vipande, unaziloweka mtoni siku kadhaa maji yakipita, ndipo zinalika. Ukizila kwa haraka, unazikwa kwa haraka.

Vita vikaja. Wanajeshi wakakichukua kilima, wakapandisha mizinga, wakazungusha seng'enge. Nyuma yao ikaja njaa. Mahindi yakawa kitu cha kusimuliwa.

"Serikali imefunga kilima," nikamwambia Karisa.

"Ndiga hazijaambiwa," akasema, akachukua jembe.

Akapenya chini ya seng'enge. Mimi nikabaki nje, kichakani, na gunia.

Koplo wa zamu akapiga kelele mara moja.

Kisha bunduki.

Karisa akaangukia shimo alilolichimba mwenyewe.

Walisema ni jasusi. Jasusi wa viazi!

Mimi sikutaka pole wala sala. Nilitaka koplo yule afe akinitazama. Usiku nikapenya upande wa pili wa kilima, nikachimba ndiga, nikazichemsha bila kuziloweka, nyeupe, za kutamanisha kama muhogo wa sikukuu. Nikamfuata langoni.

"Shikamoo, bwana koplo. Nimekuletea muhogo."

"Marahaba. Kijana mzuri wewe. Lete."

Sasa, kwetu humpi mtu chakula wala tembo la mnazi kabla hujaonja mwenyewe mbele yake. Ndiko kutoa uchawi. Bibi alitufundisha kwa makofi. Mkono mmoja ukanyoosha kikapu. Wa pili, bila kuniuliza, ukamega kipande ukakitia kinywani. Nikameza.

Nilishtuka kimeshafika kifuani.

Koplo akatuma mtu chumvi. Eti muhogo bila chumvi haushuki.

Nikangoja. Nilichoomba ni kufa wa pili tu.

Kilima kikaanza kuzunguka. Miguu ikakataa amri.

Nikaangukia kikapu. Ndiga zote mchangani.

"Maskini," nikamsikia koplo. "Njaa inamuua, na chakula ananipa mimi."

Akauliza njia, akanibeba mgongoni mpaka nyumbani, na kopo la maziwa akaongeza. Akanikabidhi kwa mama kwa heshima zote. Hakujua ile ni nyumba ya nani. Mama alimjua yeye ni nani.

Vita viliisha, seng'enge ikang'olewa. Mizinga ile haikumpata adui hata mmoja. Kilima kizima kiliua mtu mmoja, naye alikuwa na jembe mkononi. Wanaoniambia nisamehe, hakuna kati yao aliyebaki kichakani na gunia tupu.

Lakini turudi nyuma: siku niliyopata sauti tena, nilimweleza mama yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akaenda kuyamwaga yale maziwa nje, akarudi.

"Ungenituma mimi, mwanangu," akasema. "Mimi adabu zangu nimezizika na Karisa."